Uchumi unapoyumba: tuanze na wageni, kodi au matumizi ya Serikali?

Mwenye Fremu, Kariakoo

Wanajukwaa, nawasalimu nyote. Ninauza viatu kwa jumla na rejareja Kariakoo, na naomba kuelimishwa kuhusu jambo ambalo sisi wafanyabiashara tunalibishania kila siku bila kulifikisha mwisho. Biashara inapodorora, kila mmoja wetu ana mchawi wake. Wapo wanaosema chanzo ni wageni walioingia nchini kwa jina la uwekezaji, kisha tukawakuta wamekaa kwenye fremu za maduka wakiuza ndala na vikombe. Wapo wanaosema chanzo ni kodi, kwamba zimekuwa nyingi na zinakusanywa kwa ubabe. Na wapo wanaosema kwamba hata wageni wakiondoka na kodi zikishuka hakutakuwa na nafuu, kwa sababu Serikali inatumia kuliko inachokusanya, na deni halina budi kulipwa na mtu.

Hali yangu iko hivi. Mwenye nyumba anadai pango la mwaka mzima kwa mkupuo, mbali na kilemba nilichotoa nilipoingia. Sheria inanitaka nizuie asilimia 10 ya pango hilo na kuiwasilisha Mamlaka ya Mapato (TRA) kwa niaba yake, lakini nikimweleza hivyo anajibu kwamba anataka fedha yake kamili, na nisipotaka niondoke, wapo wengi wanaoisubiri fremu. Kwa hiyo kodi yake naibeba mimi. Bado kuna leseni, ushuru wa huduma wa halmashauri, makadirio ya kodi ya mapato, ushuru wa forodha kwa mzigo ninaoagiza Guangzhou, na kodi ya ongezeko la thamani (VAT). Mtaa wa pili yuko mtu anayeuza kiatu kile kile kwa bei ambayo mimi nikiitumia sirudishi hata gharama za kontena. Wakati mwingine mtu huyo ni mgeni, na wakati mwingine ni Mtanzania mwenzangu.

Swali langu ni hili: katika nchi ambayo mzunguko wa fedha ni mdogo na watu wanalalamika kwamba mfuko hautoshi, ni lipi kati ya hayo matatu linaloumiza zaidi, na je, tukilishughulikia moja peke yake hatuwezi kujikuta tumeyazidisha mengine mawili? Naomba majibu yenye maelezo ya namna mambo yanavyokwenda, kwa sababu lawama tunazo za kutosha.

Wakala wa Forodha, Kurasini

Ndugu Mwenye Fremu, mimi naanza na wageni, na nasema hivyo bila chuki kwa mtu yeyote, kwa sababu nyaraka za mizigo zinapita mikononi mwangu na ninaona tofauti iliyopo.

Wewe ukitaka kontena la viatu unatafuta dola kwanza. Mwaka 2023 na 2024 tulifika mahali ambapo hata mwenye shilingi mkononi alizunguka benki moja hadi nyingine akiambiwa asubiri. Ukiipata dola unamlipa mwenye kiwanda kabla mzigo haujapakiwa, halafu unangoja meli, unalipa ushuru bandarini, ndipo unaanza kuuza. Fedha yako imelala miezi kadhaa, na kama ni ya mkopo, riba inaendelea kuhesabiwa. Mwenzako aliyetumwa na kiwanda anapewa mzigo kwa mali kauli: anauza kwanza, analipa baadaye, na hata akiuza karibu na bei ya kiwandani ndugu zake kule bado wamepata faida. Hamuwezi kushindana, hata kama nyote wawili mngelipa kodi sawasawa hadi senti ya mwisho. Tena faida inayopatikana pale haijengi nyumba Mbagala wala hailipi ada ya mtoto Tabata. Inabadilishwa kuwa dola na kuondoka, na kila dola inayoondoka inaisukuma shilingi yetu chini.

Ndiyo maana niliunga mkono amri iliyotolewa na aliyekuwa Waziri wa Viwanda na Biashara, Selemani Jafo, mwezi Julai 2025, inayowazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, zikiwamo uuzaji wa jumla na rejareja usiokuwa wa supamaketi, uwakala wa fedha za simu, ufundi wa simu, saluni, uongozaji wa watalii na ununuzi wa mazao shambani. Mgeni anayekiuka anakabiliwa na faini isiyopungua shilingi milioni 10 au kifungo kisichozidi miezi sita, pamoja na kufutiwa kibali chake. Sikuona ukatili wowote hapo. Mtu aliyepewa kibali cha kujenga kiwanda ajenge kiwanda, na vijana wetu waachiwe duka.

Kitu kimoja tu kinanitia mashaka katika utekelezaji wake. Wageni wengi hawakuingia madukani peke yao. Waliingizwa na Watanzania waliowakodishia majina, leseni na namba za mlipakodi. Amri hiyo imewaona hao pia, kwani raia anayemsaidia mgeni kukwepa anaweza kutozwa milioni 5 au kufungwa miezi mitatu, lakini kuwapata ni kazi ngumu kuliko kumwona mgeni aliyekaa kaunta.

Mhasibu wa Ilala

Nakubaliana na ndugu yangu wa Kurasini kuhusu mali kauli, na nimefurahi kwamba ameieleza vizuri. Hata hivyo naomba turudi kwenye sentensi moja ya muuliza swali, pale aliposema kwamba anayemshinda kwa bei wakati mwingine ni Mtanzania mwenzake. Kwa maoni yangu jibu kubwa limejificha humo.

Tuchukue mfano wa hesabu. Mfanyabiashara aliyesajiliwa VAT ananunua katoni ya viatu kwa shilingi 80,000 na kuongeza asilimia 18, yaani 14,400, kwa hiyo anatoa 94,400. Anaiuza kwa 100,000 na VAT ya 18,000, yaani mteja analipa 118,000. Anakata 14,400 aliyokwisha kulipa, anapeleka TRA 3,600, na faida yake kabla ya gharama nyingine ni 20,000. Sasa tazama mwenye katoni kama hiyo aliyeipata kwa 80,000 bila ankara, kwa kuwa mzigo uliingia kwa thamani pungufu au kwa njia za panya. Anaiuza kwa 105,000 bila risiti. Mteja ameokoa 13,000, na muuzaji amebaki na 25,000, yaani 5,000 zaidi ya yule aliyefuata sheria. Ukimwondoa mgeni na kuuacha mwanya huo wazi, kesho utajazwa na raia, na wewe uliyetoa risiti utaendelea kushindwa. Vilevile ukinunua kwa muuzaji wa jumla aliyekunyima risiti, zile 14,400 huna namna ya kuzidai kama kodi ya manunuzi, na mzigo wote wa 18,000 unakuangukia wewe wa mwisho.

Kwa hiyo tatizo langu na kodi za nchi yetu si viwango peke yake. Mapato ya kodi yamekuwa yakizunguka asilimia 12 hadi 13 ya pato la Taifa, wakati wastani wa nchi tajiri za OECD uko karibu na asilimia 34. Anayeitazama namba hiyo kwa mbali atasema Watanzania hatutozwi kodi nyingi. Anayekaa Kariakoo atashangaa, na wote wawili wako sahihi, kwa sababu wanaobeba ni wachache na wanabeba sana. Serikali inapokosa fedha haina muda wa kutafuta walipakodi wapya. Inakwenda kwa wale inaowajua na kwa bidhaa zisizoweza kukimbia. Mshahara unaovuka shilingi 270,000 kwa mwezi unakatwa kabla haujafika benki. Kodi ya majengo imewekwa kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, shilingi 1,000 kwa mwezi mwaka 2021, kisha 1,500 mwaka 2023, na mpangaji wa chumba kimoja Manzese ndiye anayeilipa kila anaponunua umeme, ingawa nyumba si yake.

Mfano ulio wazi zaidi ni tozo za miamala ya simu. Zilianza Julai 2021, watu wakalalamika, zikapunguzwa Septemba mwaka huo huo, zikapunguzwa tena mwaka 2022, na bajeti ya 2023/24 ikafuta ile ya kutuma fedha. Tulishangilia. Lakini bajeti hiyo hiyo ilileta shilingi 20 kwa kila kilo ya saruji, yaani 1,000 kwa mfuko wa kilo 50, pamoja na shilingi 100 kwa kila lita ya mafuta. Mafuta ni nauli, ni unga, ni mchicha unaotoka Mkuranga, na saruji ni kibarua cha fundi na saidia fundi wake. Mzigo ulihamia bega jingine, na kwa kuwa sasa umejificha ndani ya bei, hakuna anayepokea ujumbe wa simu unaomwonyesha amekatwa kiasi gani.

Wanaosema tushushe kodi tu na mambo yatajipa, naomba waiangalie Sri Lanka. Mwishoni mwa mwaka 2019 serikali ya huko ilishusha VAT kutoka asilimia 15 hadi 8 kwa mpigo pamoja na kodi nyingine, bila kupunguza matumizi. Ugonjwa wa korona ukaua utalii, akiba ya dola ikaisha, na mwaka 2022 nchi ikashindwa kulipa madeni yake ya nje, watu wakapanga foleni za mafuta na gesi. Januari 2024 VAT ilikuwa imefika asilimia 18, juu kuliko ilipoanzia. Uingereza nayo, pamoja na utajiri wake, Septemba 2022 ilitangaza punguzo kubwa la kodi lisilo na maelezo ya pengo litazibwa na nini. Pauni ikaporomoka, riba za mikopo ya nyumba zikapanda, na Waziri Mkuu Liz Truss akatangaza kujiuzulu kabla ya kutimiza miezi miwili.

Na wanaosema tukamue tu mpaka zipatikane, Kenya iko jirani. Muswada wa Fedha wa 2024 ulikuwa umependekeza hata VAT ya asilimia 16 kwenye mkate. Tarehe 25 Juni vijana waliingia bungeni, watu wakapoteza maisha, na kesho yake Rais Ruto akasema hatausaini. Hapa kwetu Kariakoo ilifungwa Mei 2023 na ikafungwa tena Juni 2024. Baadaye mwaka huo huo ikaundwa Tume ya Rais ya Maboresho ya Kodi chini ya Balozi Ombeni Sefue, na mimi naamini migomo ile ilichangia kwa kiasi kikubwa kuwafanya wakubwa wasikilize.

Mstaafu wa Upanga

Wanangu, nimewasoma kwa makini na nimefurahi kuona vijana wanaojadili bila kutukanana. Niliingia utumishi wa Serikali mwanzoni mwa miaka ya sabini, kwa hiyo yapo mambo ambayo ninyi mmeyasoma na sisi tuliyaishi.

Aprili 1971 Serikali ilitwaa majengo yaliyokuwa yamepangishwa yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, na kuyaweka chini ya Msajili wa Majumba. Mengi yalikuwa ya Wahindi wa hapa Upanga, katikati ya mji na hapo hapo Kariakoo. Sisemi uamuzi ule haukuwa na sababu, kwani pango lilikuwa linawanyonya watu na sisi wapangaji tulishangilia. Lakini wengi wa wale wenye nyumba walikuwa raia wenzetu, na walipoona hivyo walifunga virago wakaenda Canada na Uingereza, wakaondoka na mitaji, na zaidi ya mitaji, na ujuzi wa kujua kitambaa kinaagizwa wapi na nani anaaminika kukopeshwa. Mwaka uliofuata Idi Amin akawapa Wahindi wa Uganda siku 90 waondoke. Maduka yao na viwanda vyao wakagawiwa askari na marafiki. Sukari ya Kakira na Lugazi ilikuwa ikitosheleza nchi. Baada ya miaka michache Mganda anatafuta sukari kwa magendo. Serikali zilizofuata, hasa ya Museveni, ndizo zilizokuja kuwaita wenye mali warudi.

Kwa hiyo mwanangu wa Kurasini, ninaielewa amri ya Julai na ninaona inatofautiana na mambo ya Amin, kwa kuwa inagusa leseni na haimfukuzi mtu kwa rangi yake. Ninachokuomba ni kwamba usidhani duka likibadilisha mwenyewe bidhaa zitajileta. Mwaka 1976 tulikuwa na Operesheni Maduka, maduka ya watu binafsi vijijini yakafungwa ili kupisha maduka ya ushirika. Wenye kuuza walikuwa wananchi halisi, lakini rafu zilikuwa tupu. Kufikia mwaka 1983, baada ya vita vya Kagera, kupanda kwa bei ya mafuta na kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki, tulikuwa tunapanga foleni ya sabuni, na Serikali ikawa inawasaka wahujumu uchumi hadi uvunguni mwa vitanda. Bidhaa zilirudi kwa uamuzi mmoja wa kawaida kabisa: bajeti ya 1984 iliyosomwa na Cleopa Msuya iliruhusu mwenye fedha zake za kigeni kuagiza bidhaa bila kuulizwa amezipata wapi. Tulikuwa bado hatujasaini ule mkataba wa mageuzi na Shirika la Fedha la Kimataifa. Hilo lilikuja 1986 wakati wa Mzee Mwinyi.

Suala la wageni lina upande mwingine ambao sijaona mtu akiutaja. Warundi waliokimbia mauaji ya 1972 walipewa ardhi Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Walifyeka msitu wakalima mahindi, muhogo na tumbaku, na kufikia miaka ya themanini walikuwa wanajilisha wenyewe na kulipa kodi kama sisi. Mwaka 2014 wapatao 162,000 walipewa uraia. Wanyarwanda waliovuka mpaka wa Rusumo mwaka 1994, kiasi cha watu 250,000 ndani ya siku moja, waliwekwa kambini Ngara wakawa mzigo, kwa sababu mtu aliyefungiwa kambini hana anachoweza kuzalisha. Watu ni wale wale wa Maziwa Makuu. Kilichotofautisha ni ardhi na ruhusa ya kufanya kazi.

Kuhusu matumizi ya Serikali, niliyaona yakipunguzwa miaka ya tisini na naomba msitake kuyaona tena kwa namna ile. Watumishi walipunguzwa kazini, wazazi wakatakiwa kuchangia shule na dawa, na watoto wengi wa maskini wakabaki nyumbani. Ilibidi uje mpango wa elimu ya msingi, MMEM, mwaka 2002, ada ikiwa imefutwa, ndipo madarasa yakajaa tena. Kizazi kilichokosa shule wakati ule ndicho leo tunakilalamikia kwamba hakina ujuzi na kwamba kazi zinachukuliwa na wageni. Anayetaka kubana matumizi aanze na mishahara hewa, kama ilivyofanyika 2016 walipoondolewa watumishi hewa zaidi ya 10,000, na aanze na sherehe. Mnakumbuka sherehe za Uhuru za Desemba 2015 zilipofutwa na shilingi bilioni 4 zikapelekwa kupanua barabara ya Morocco hadi Mwenge. Barabara hiyo mnaipita mpaka leo.

Mama Vitenge

Shikamoo mzee wangu wa Upanga, nimejifunza mengi kwako.

Mimi ni mwanamke mfanyabiashara, nauza vitenge na nina karakana ndogo ya kushona sare, na nataka kuongeza mambo mawili ambayo kaka zangu wameyapita. La kwanza ni kwamba wageni ninaowafahamu mimi wengi ni wanunuzi. Wanatoka Lubumbashi, Zambia, Malawi na Comoro, wanakuja na dola, wanalala nyumba za wageni, wanakula kwa mama lishe, wanalipa wapagazi na magari ya mizigo. Mgomo wa Mei 2023 haukuwa wa kodi peke yake. Ulihusu pia kamatakamata, wateja hao wakisimamishwa barabarani na mizigo kufunguliwa mpaka wengine wakaamua kupitia nchi nyingine. Kwa hiyo tukilizungumzia suala la wageni kwa hasira, tunaweza kumfukuza na yule anayetuletea dola tunazozililia.

La pili ni matumizi ya Serikali, ambayo mimi nayaona kupitia ankara. Nilishona sare kwa zabuni ya taasisi moja ya umma, nikakabidhi mzigo kamili na kusainiwa. Malipo yakawa ni njoo wiki ijayo, mara mfumo haujafunguliwa, mara fedha za robo mwaka hazijashuka. Wakati huo mafundi wanadai, mwenye kitambaa anadai, na VAT ya ankara hiyo inatakiwa kulipwa kwa tarehe yake ingawa mimi sijalipwa. Nilikwenda kwenye mikopo ya kausha damu, na riba ikala faida yote. Ninaposikia kwamba bajeti ya 2025/26 ni shilingi trilioni 56.49, ninajiuliza ni kiasi gani cha fedha hiyo kinamfikia kwa wakati mtu aliyekwisha kufanya kazi. Kwangu mimi deni la Serikali kwa mzabuni mdogo ni kodi nyingine, na haimo katika sheria yoyote.

Mwenye Fremu, Kariakoo

Nawashukuru sana nyote, na mzee wetu shikamoo. Nimeelewa kwamba mambo haya matatu yameshikana. Lakini ninarudi kwa Mhasibu na Wakala: kama ninyi ndio mngekuwa mnaamua, lipi lingetangulia? Na je, kubana matumizi kusingetunyima wateja sisi wenye maduka, maana mtumishi wa umma akikosa posho hanunui viatu?

Mhasibu wa Ilala

Ndugu yangu, hofu yako ina msingi, kwani sehemu kubwa ya wateja wa rejareja Dar es Salaam wanaishi kwa fedha ambayo chanzo chake, moja kwa moja au kwa kuzunguka, ni Serikali. Ndiyo maana ningetazama fedha inatumika kwa nini kabla ya kutazama ni kiasi gani. Shilingi inayolipa kokoto za Lugoba, saruji ya Wazo na fundi wa Gongo la Mboto itapita mikono mingi kabla haijatoka nchini, na mmoja wa mikono hiyo utafika dukani kwako. Shilingi inayonunua gari la kifahari imegeuka dola siku hiyo hiyo. Reli ya kisasa imekula fedha nyingi ya mkopo na vichwa vyake vimetoka nje, lakini tangu 2024 mtu anafika Dodoma asubuhi na kurudi jioni, na nchi itaendelea kuvuna hapo ikiwa mizigo nayo itapanda treni kwa wingi. Deni la semina halina cha kuvuna.

Ningeanza na malipo ya wazabuni kama Mama Vitenge, kwa sababu hayahitaji sheria mpya na yanarudisha fedha mtaani mara moja. Pili ningeifuata ile asilimia 10 ya pango lako kwa mwenye nyumba mwenyewe, kwa orodha ya fremu za Kariakoo ambayo si ngumu kuitengeneza. Mwenye jengo la ghorofa kumi hawezi kulificha, ila leo anayesumbuliwa ni mpangaji wake. Kodi hiyo ikipatikana kwa anayestahili kuitoa, ndipo tunaweza kuzungumza juu ya kushusha ile ya saruji.

Wakala wa Forodha, Kurasini

Mimi bado ningetanguliza mwanya wa bandarini, na hapo naona tumekaribiana kuliko tulivyoanza. Hesabu ya Mhasibu imenionyesha kwamba mgeni wa mali kauli na raia wa mzigo usio na ankara wanapitia mlango mmoja, yaani thamani inayoandikwa kwenye nyaraka. Kontena mbili za viatu vya aina moja kutoka mji mmoja, zilizofika kwa meli moja, hazipaswi kuwa na thamani zinazopishana maradufu, na ofisa anayezipitisha anaziona zote mbili. Hilo likisimamiwa, ndugu Mwenye Fremu atashindana na mgeni kwa mtaji tu, na hapo ndipo benki zetu zinatakiwa kumpa mkopo wa kuagizia mzigo kwa riba ambayo mtu anaweza kuilipa. Amri ya Julai ningeiacha iendelee, lakini ningewaanza wenye majina yaliyokodishwa.